Ndoo iliyojaa chini ya bomba

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)



Wale waliokulia katika miji yetu midogo, enzi za bomba moja la maji kwa mtaa mzima, watanielewa upesi. Pale bombani palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa mahali popote. Unapanga ndoo yako, unasogea kadiri mstari unavyosogea, na zamu yako ikifika unakinga. Ukishajaza, unapisha. Ikiwa ndoo yako imejaa nawe umekaa kivulini unapiga soga, aliye nyuma yako hana haja ya kukuomba ruhusa. Anaivuta ndoo yako pembeni, anaweka ya kwake. Ukirudi ukilalamika, kina mama wote waliopo watakuuliza swali moja tu: "Kwani ilikuwa haijajaa?"

Nimeikumbuka sheria hiyo ya bombani kutokana na ubishi uliopo katika nchi zilizotutangulia kwa magari ya umeme. Ubishi wenyewe ni huu. Mtu analeta gari lake kwenye kituo cha umma cha kuchajia, analichomeka, anakwenda zake. Betri inajaa. Umeme unaacha kuingia. Lakini gari liko pale pale, limechomekwa, na mwenyewe yuko dukani, au anakula, au amelala. Hapo mwenye kituo anaanza kumtoza fedha nyingine. Haimtozi kwa umeme, maana umeme umekwisha kuingia na kulipiwa. Anamtoza kwa kukalia mashine bure. Kila dakika inayopita ina bei yake. Mimi nitaiita ada ya kukalia mashine. Swali ni kama ada hiyo ni ya haki.

Najua yupo msikilizaji ambaye sasa hivi ananyoosha mkono kubadili stesheni. Anasema, huyu bwana anatuletea mambo ya Ulaya, wakati sisi hapa Singida hatujamaliza habari za bei ya alizeti. Ninamwomba asubiri kidogo.

Mji wetu uko njia panda. Lori linalopeleka mzigo Rwanda, Burundi na Kongo linapita hapa, basi la Mwanza linapita hapa, na anayetoka Arusha kwa njia ya Babati kwenda magharibi anaingia hapa hapa. Kutoka Dodoma hadi Singida ni kilomita zipatazo 240. Magari mengi ya umeme ya siku hizi huenda kilomita 300 au 400 kabla ya kuchajiwa, wakati mwingine zaidi, lakini yale ya zamani, ambayo ndiyo huwa yanatufikia sisi yakiwa yamekwisha kutumika kwa wenzetu, huenda pungufu ya hapo. Kwa hiyo mtu aliyeondoka Dodoma asubuhi kwa gari la namna hiyo, atake asitake, atatafuta mahali pa kuchomeka kabla ya kuukabili mlima Sekenke.

Na umeme wenyewe umekwisha kutupitia mlangoni. Njia kuu ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma kwenda Shinyanga inapita Singida. Ile nyingine inayotuunganisha na Kenya, kupitia Babati, Arusha na Namanga, inaanzia hapa kwetu. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Treni ya umeme inafika Dodoma tangu mwaka 2024, na kipande cha reli hiyo kutoka Morogoro kinaishia Makutupora, wilayani Manyoni, ndani ya mkoa wetu. Bajaji na pikipiki za umeme zimekwisha kuonekana Dar es Salaam. Mimi binafsi sijaona foleni ya magari kwenye mashine ya kuchajia hapa mjini, lakini nilipokuwa naanza kazi ya utangazaji sikuwa nimeona foleni ya watu kwenye kibanda cha kutolea fedha kwa simu. Mambo haya yakija huja kwa mbio, na kanuni zake huandikwa na yule aliyewahi kufika.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Gari la petroli hujazwa kwa dakika 5, na dereva haondoki pale. Anasimama, anatazama namba zinavyokwenda, analipa, anaondoka. Gari la umeme ni jambo lingine. Hata kwenye mashine ya kasi, betri huchukua nusu saa au zaidi kufika asilimia 80. Baada ya hapo umeme huanza kuingia polepole, kwa sababu betri inajilinda, na ile asilimia 20 iliyobaki inaweza kuchukua muda unaokaribia ule wa mwanzo. Mashine za kawaida, zisizo za kasi, huchukua usiku mzima. Kwa hiyo dereva lazima aende mahali. Hakuna binadamu atakayesimama dakika 40 akitazama waya.

Na hapa ndipo bomba la maji linapoachana na mashine ya umeme. Ndoo iliyojaa unaweza kuivuta pembeni. Gari huwezi. Limefungwa, breki imevutwa, na aghalabu hata waya wake umejifunga kwenye gari hadi mwenyewe aufungue. Aliyekuja nyuma, hata awe na betri iliyobakiwa na kilomita 10, hana la kufanya isipokuwa kupiga honi na kusonya. Uholanzi, ambako mashine hizi zimejaa mitaani, wamefika mahali pa kuwa na neno lao maalumu la kumwita mtu anayeng'ang'ania nguzo ya kuchajia. Taifa likishatunga neno la kumsema mtu, ujue amewaudhi wengi.

Ndipo ikaja ada. Desemba 2016 kampuni ya Tesla ya Marekani ilitangaza kwamba gari likishajaa na likaendelea kukaa, mwenyewe atalipa senti 40 za dola kwa kila dakika. Kwa thamani ya fedha ya wakati ule, hizo ni zaidi ya shilingi 800 zetu kwa dakika moja. Anayeondoa gari ndani ya dakika 5 alisamehewa. Kampuni ilieleza kwamba haikusudii kupata faida kwa ada hiyo, inataka tu magari yapishane. Kampuni nyingine huko huko, Electrify America, nayo iliweka senti 40 kwa dakika, ila msamaha wake ni dakika 10.

Baadaye Tesla ilirekebisha utaratibu wake kwa jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Ada ikawa haitozwi mpaka angalau nusu ya mashine za kituo ziwe zinatumika. Kituo kikijaa kabisa, ada inaongezeka maradufu. Kituo kikiwa kitupu, kaa utakavyo.

Hebu tafakari tofauti ya taratibu hizo mbili. Kwa ule wa kwanza, kosa ni kukaa. Kwa ule wa pili, kosa ni kumzuia mwenzako. Pale bombani hakuna aliyewahi kuigusa ndoo ya mtu saa 8 mchana, wakati jua linawaka na hapana mtu mwingine. Ndoo ingeweza kukaa pale mpaka jioni. Ilivutwa kwa sababu nyuma yake palikuwa na ndoo nyingine. Mtu anayetozwa kwa kusimama mahali patupu anauliza, kwa haki kabisa, amemkosea nani. Akikosa jibu ataelewa kwamba fedha yake imechukuliwa kwa sababu tu imewezekana kuchukuliwa.

Wapo watakaosema kwamba ada hii haifai kwa namna yoyote. Wanasema: gari ni langu, umeme nimeulipia, mahali ni pa umma, niacheni. Hoja hiyo siikubali. Alicholipia ni umeme, hakununua mashine. Mashine ya kasi moja ni ghali, na itachukua miaka kabla mji kama wetu haujawa nazo za kutosha. Ikiwa ziko 2, na moja imekaliwa na gari lililojaa tangu saa 3 asubuhi, basi mji huo una mashine 1. Mama anayempeleka mgonjwa Dodoma hatatulizwa na maelezo kwamba gari lile la mbele ni la mtu na umeme wake ameulipia.

Lakini wenye vituo nao tusiwape uhuru wote. Ada ya namna hii ina majaribu yake. Fikiria mwenye kituo anayepata fedha nyingi kutokana na watu kuchelewa kuliko anazopata kwa kuuza umeme. Mtu huyo atakuwa na sababu gani ya kukutumia ujumbe kwamba betri imejaa? Atakuwa na sababu gani ya kuongeza mashine ya tatu? Kila dakika unayosahau ni mavuno yake. Kwa maoni yangu, kituo kisichomjulisha dereva kwa simu, dakika kadhaa kabla ya betri kujaa, kisiruhusiwe kumtoza hata senti.

Na hizo dakika 5 za msamaha, ndugu zangu, zilipangwa na watu ambao hawajapata kuagiza kuku wa kienyeji wa Singida. Msafiri akishakaa mezani ameletewa maji ya kunawa, simu ikilia kwamba gari limejaa, afanye nini? Anyanyuke na mikono yenye mchuzi? Dakika 15 ni za kibinadamu zaidi. Mtu anamaliza, ananawa, analipa, anatembea mpaka kwenye gari.

Liko jambo jingine ambalo wenzetu wa nchi tajiri hawana haja ya kulifikiria sana, na sisi tunalo kila wiki. Umeme unakatika. Mtandao wa simu nao unasumbua. Umeme ukikatika gari likiwa limefika asilimia 60, saa ya kituo inahesabu nini? Betri haiingizi kitu, kwa hiyo mashine isiyo na akili itasema mtu huyu amekaa bure. Na kama betri imejaa, dereva amerudi kwa wakati, lakini malipo ya simu hayapiti na waya haufunguki mpaka malipo yapite, dakika hizo ni za nani?

Sisemi haya kwa kubuni. Mwaka mmoja nilipeleka magunia 6 ya alizeti kukamuliwa kwenye mashine moja, ambayo siitaji jina. Ukutani palikuwa na bango: mafuta yasiyochukuliwa baada ya siku 2 yatalipiwa gharama ya kuhifadhiwa. Nikaona ni sawa, maana pale ndani madumu yalikuwa yamejaa hadi mlangoni. Umeme ukakatika siku 3. Niliporudi nikaambiwa nadaiwa siku 1 ya kuhifadhi. Nikasema, mafuta yenyewe yamekamuliwa leo asubuhi! Yule kijana akanionyesha daftari: siku zinahesabiwa tangu magunia yalipoingia. Nililipa, kwa sababu dumu langu lilikuwa upande wake wa kaunta. Fedha ilikuwa ndogo, na siku hizi naikumbuka kuliko bei niliyouzia alizeti yenyewe.

Katika ada zote za kuchelewa, ugomvi mara nyingi hauko kwenye kiwango. Uko kwenye saa: nani anaianzisha, nani anaisimamisha, na nani anaiona ikienda. Waulize wafanyabiashara wanaopitisha makontena bandarini, watakueleza habari za siku za bure na siku za kulipia mpaka usiku uingie. Mwaka 2021, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulipoanza kukusanya ushuru wa maegesho kwa mfumo wa kielektroniki, watu wengi hawakupinga kulipia maegesho. Walipinga kukuta deni na faini ambazo hawakuwa na habari nazo. Malalamiko yalikuwa makubwa hata Serikali ikausitisha utaratibu ule kwa muda ili utazamwe upya. Somo hilo tumekwisha kulilipia ada; hatuna haja ya kurudia darasa.

Tuje kwenye kiwango. Yako mawazo kwamba ada ikiwa ndogo itakuwa ya huruma. Mwaka 2000 watafiti wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha utafiti waliofanya katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni. Katika baadhi ya vituo ikawekwa faini ndogo, shekeli 10. Wazazi wanaochelewa wakaongezeka, karibu mara mbili. Zamani mzazi aliyechelewa aliingia akiona haya mbele ya mwalimu. Baada ya faini aliona amenunua muda, na mtu hamwombi radhi muuza duka. Faini ilipoondolewa, ile haya haikurudi.

Hapa kwetu hali itakuwa hivyo hivyo. Bwana mkubwa mwenye gari la mamilioni, akiambiwa dakika moja ni shilingi 100, ataifanya mashine ya kuchajia kuwa maegesho yake ya siku nzima, tena atasema analipa. Ataifungia njia familia iliyokwama, na sheria itakuwa upande wake. Lakini ukipandisha ada mpaka bwana mkubwa aihisi, atakayeumia kwanza ni dereva wa bajaji. Yeye chombo si chake. Jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri, na ada ya kuchelewa tajiri hatakubali kuitambua. Dakika 20 za usingizi chini ya mwarobaini zinaweza kuondoka na ugali wa watoto wake.

Ndiyo maana napendelea ada inayokua kadiri mtu anavyozidi kukaa na kadiri foleni inavyozidi kuwa ndefu, kuliko ada moja kwa wote. Robo saa ya kwanza bila malipo, kisha kidogo, kisha inapanda. Aliyesahau anaumia kidogo na kukumbuka. Aliyekusudia ndiye anayelipa sana. Na iwekwe kikomo, ili mtu aliyepatwa na ugonjwa au ajali asije akakuta deni linalozidi bei ya betri.

Usiku ni hesabu nyingine. Nchini Kenya, mwaka 2023, iliwekwa bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 za huko kwa uniti, na 8 nyakati za usiku ambapo matumizi ya umeme hupungua. Maana yake ni kwamba watu wanahimizwa kuchaji wakati wamelala. Ni busara nzuri, na nasi tutaifuata siku moja. Lakini huwezi kumhimiza mtu achaji usiku, kisha ukamtoza kwa kutoamka saa 9 za usiku kwenda kuchomoa waya. Msafiri aliyefika Singida saa 4 usiku, akachomeka gari na kwenda kulala nyumba ya wageni, aachwe mpaka alfajiri. Kama mabasi ya usiku, ambayo yameruhusiwa tena tangu Oktoba 2023, nayo yatakuwa ya umeme, yatafutiwe mashine zake mbali na magari madogo.

Kwa upande wa pikipiki, huenda tukaruka ubishi huu kabisa. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand imekuwa ikiwabadilishia betri waendesha pikipiki tangu mwaka 2019. Kijana anafika, anatoa betri iliyokwisha, anapewa iliyojaa, anaondoka kabla hata ya kuvua kofia yake. Hapo hakuna anayekalia mashine kwa sababu betri ndiyo inayobaki kwenye foleni. Ningefurahi kuona vijana wetu wa bodaboda pale stendi ya Misuna wanaanza na utaratibu huo. Kwa magari makubwa bado tutahitaji waya.

Basi ni nani wa kuandika kanuni? EWURA ndiyo inayosimamia bei za umeme na za mafuta. Wakala wa Vipimo ndio unaokagua pampu za petroli ili lita iwe lita kweli. Mashine itakayotoza kwa dakika nayo ni kipimo, na saa yake inastahili kukaguliwa kama pampu inavyokaguliwa. Baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kupokea malalamiko ya aina hii. Ningependa vyombo hivyo vikae na wenye vituo sasa, wakati vituo bado ni vya kuhesabu na hakuna aliyezoea mapato yake. Ikishapita miaka mitano watu wakawa wanajengea nyumba fedha za kuchelewa kwetu, kuziondoa itakuwa vita.

Na waandike kanuni hiyo kwa Kiswahili, kwenye bango kubwa mbele ya mashine, herufi za kusomeka kutoka kwenye usukani: ada inaanza lini, ni kiasi gani, inasimama umeme ukikatika, na namba ya kupiga ukionewa. Lile bango la mashine ya alizeti lilikuwa na mstari mmoja tu.

Ndugu msikilizaji, muda wangu umekwisha, na yupo mwenzangu nje ya mlango anasubiri kipaza sauti. Tukutane juma lijalo.